Lori lina mtandao, dereva hana

Lori linalosubiri kupakia shaba katika eneo la Mutshatsha, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, huwa na laini mbili za simu, kwa uchache. Ya kwanza dereva haioni. Imo ndani ya kidude cha GPS kilichofichwa nyuma ya dashibodi, kimeunganishwa moja kwa moja na betri ya gari, na kazi yake ni kupeleka habari ofisini: gari liko wapi, linakwenda kasi gani, injini imewaka au imezimwa. Laini hiyo haisumbuliwi na mpaka. Gari likivuka Kasumbalesa inadaka mtandao wa Zambia, likivuka Nakonde inadaka wa Tanzania, na bili inakwenda kwa mwenye gari. Laini ya pili imo kwenye simu ya dereva. Hiyo ndiyo inayonyamaza mpakani, inayoishiwa bando usiku, inayohangaika kutafuta mnara hadi chaji inakata.

Tofauti ya laini hizo mbili inaonyesha mtandao wa ukanda wa shaba umejengwa kwa ajili ya nani. Mwenye mali aliye Dar es Salaam, Johannesburg au Shanghai anaweza kuiona shehena yake ikitembea kwenye ramani. Mtu anayeiendesha, anayelala nayo, anayezunguka tela na tochi saa nane za usiku kuangalia kama turubai limechanwa, mawasiliano yake ni juu yake mwenyewe.

Ulaya na Marekani kuna watu waliorudisha funguo kwa mwenye nyumba wakahamia kwenye gari lenye kitanda, jiko na choo, na wanaishi humo mwaka mzima. Wengi wao hufanya kazi kwa kompyuta, kwa hiyo kabla ya kuegesha popote huangalia kwanza kama mtandao unashika. Wachache hupita hata huku, wakielekea Angola kwa njia ya Dilolo. Lakini ukiuliza Mutshatsha ni nani anaishi ndani ya gari, utaonyeshwa malori. Hao ndio wakazi wetu wa magurudumu, na hakuna aliyewauliza wanataka mtandao wa namna gani.

Kabini ya kichwa cha lori haifiki mita mbili na nusu kwa upana. Nyuma ya viti kuna kitanda, wakati mwingine viwili, cha juu kikiwa kimejaa mabegi na makaratasi ya forodha. Giza likiingia, pazia huvutwa kuzunguka kioo cha mbele na vya pembeni. Ubavuni mwa tela kunaning'inia sanduku la chuma lenye jiko, sufuria, unga, mafuta na sabuni. Ukilifungua, mlango wake unageuka meza, na hapo utingo husonga ugali. Karibu nalo kuna tangi dogo la maji lenye bomba. Nguo hukauka kwenye kamba iliyofungwa kati ya kioo cha pembeni na nguzo ya tela. Mtu anaweza kukaa hivyo wiki nyingi, na wapo wanaokaa.

Njia yenyewe ni ndefu. Dar es Salaam hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita elfu mbili: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha Zambia yote kupitia Mpika na Kapiri Mposhi hadi mji wa Chililabombwe, halafu Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Kuendesha peke yake si kazi ya mwezi. Kinachomaliza mwezi ni foleni. Kasumbalesa foleni hupimwa kwa kilomita, na siku mambo yakiharibika husimama kabisa. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Congo kwa siku chache, mzozo wa biashara ya vinywaji ukiwa chanzo, na malori yakabaki barabarani na mizigo yake. Dereva akifika Kolwezi anasubiri kupakia. Akipakia anasubiri karatasi. Akipata karatasi anarudi kwenye foleni ileile upande wa pili.

Kwa maisha ya namna hiyo simu ndiyo sebule. Humo ndimo mtoto anaonyesha daftari lake la shule, shemeji anakuja na shauri la shamba, msiba unatangazwa na mchango unakusanywa. Mtandao ukikatika kwa siku tatu, mambo ya nyumbani hayamsubiri mwenye nyumba.

Mutshatsha ni jina la teritware, yaani wilaya, ya mkoa wa Lualaba inayoizunguka Kolwezi na kuendelea magharibi, na pia ni jina la mji wake mdogo, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Kolwezi. Mji huo ni mtoto wa reli. Njia ya kutoka Tenke kwenda Dilolo ilikamilika mwaka 1931 ikaungana na reli ya Benguela inayoshuka hadi bahari ya Atlantiki, bandari ya Lobito. Wenye umri mkubwa wanakumbuka Machi 1977, wapiganaji wa Katanga walipoingia kutoka Angola na mji ukaanguka mikononi mwao. Mwezi uliofuata jeshi la Zaire, likisaidiwa na askari wa Morocco, likaurudisha. Kwa muda huo jina la Mutshatsha lilisikika kwenye redio za dunia nzima. Kisha likarudi kuwa jina la stesheni.

Kilicholeta malori mengi ni mgodi. Kamoa-Kakula, ulioanza kuzalisha Mei 2021, uko ndani ya teritware hii, kama kilomita ishirini na tano magharibi mwa Kolwezi. Ni miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba duniani. Upande huo wa mashariki, penye migodi, mtandao ni mzuri: minara ipo karibu karibu, intaneti ya 4G inashika, na ndani ya uzio wa migodi mikubwa kuna mitambo ya mawasiliano ya kampuni yenyewe. Ukiipa Kolwezi mgongo ukaelekea mji wa Mutshatsha, halafu Kasaji, halafu Dilolo, barabara ni ya udongo mwekundu na mawimbi yanapungua kadiri vumbi linavyozidi. Baada ya muda simu inaonyesha herufi moja tu pembeni ya alama ya mtandao, ishara kwamba kinachofanya kazi vizuri ni sauti na ujumbe mfupi tu. Mbele zaidi na hiyo inaondoka.

Sababu si fumbo. Mnara wa simu wa kizazi cha pili, ule wa sauti, kwa nadharia unaweza kufikia simu iliyo umbali wa kilomita thelathini na tano, mradi katikati pasiwe na kilima. Mnara wa intaneti ya kasi, kwenye masafa yanayotumika mijini, haufiki hata karibu na umbali huo. Kwa hiyo barabara iliyofunikwa vizuri kwa sauti inaweza kuwa na mapengo makubwa ya intaneti. Halafu mnara wenyewe unahitaji umeme. Laini kuu ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inaleta nguvu ya mto Congo moja kwa moja hadi Lualaba, lakini inailetea migodi. Kijiji kilicho chini ya nguzo zake hakipati hata taa moja. Minara ya huko inategemea sola na jenereta. Masika yakishika, kuanzia Novemba hadi Aprili, gari la dizeli likikwama kwenye tope mnara nao unazimika, na wanaokwama barabarani wakati huohuo ndio wanaouhitaji kuliko wote.

Zamani Congo ilikuwa na dawa yake. Kila misheni, kila tajiri wa mji mdogo, alikuwa na foni, redio ya masafa marefu yenye waya uliotandazwa juu ya mwembe. Mtu alikwenda saa iliyopangwa, akapaza sauti, akasikia ya upande wa pili ikipanda na kushuka katika makelele, na waliokuwa uani wote wakasikia habari zake. Watu husahau kwamba nchi hii ilikuwa mbele katika simu za mkononi: Telecel ilianza Kinshasa mwaka 1986, wakati sehemu kubwa ya Afrika haijawahi kuona simu isiyo na waya. Lakini ilikuwa simu ya vigogo. Dereva wa wakati huo alituma habari kwa dereva mwenzake anayerudi, barua ikiwa imekunjwa ndani ya leseni.

Leo dereva anabeba laini tatu, nne, tano. Ukiinua kizuizi cha jua juu ya usukani utazikuta zimebandikwa kwa selotepu, kila moja imeandikwa kwa kalamu: Zambia, Congo, nyumbani. Congo kuna Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Zambia kuna MTN, Airtel na Zamtel. Nyumbani Tanzania kuna Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ile iliyokuwa ikiitwa Tigo hadi mwishoni mwa 2024. Jina moja kukutwa nchi mbili halisaidii kitu. Laini ya Vodacom ya Tanzania ni mgeni kwa Vodacom ya Congo, na M-Pesa ya huku, iliyoanza mwaka 2012, inayoshika dola na faranga, ni pochi nyingine kabisa na ile ya Mbeya.

Ujanja ambao dereva mpya hufundishwa mapema ni huu: usihamishe WhatsApp. Akaunti ibaki kwenye namba ya nyumbani, ile inayojulikana na mke, mama, tajiri na wanakikundi. Ukivuka mpaka, nunua laini ya hapo kwa ajili ya data tu, itie kwenye nafasi ya pili, na programu ikikuuliza kama umebadili namba, kataa. Hapo utaonekana uleule. Laini ya nyumbani nayo isitupwe kwenye begi ikasahaulika. Iwashwe mara kwa mara, kwa sababu namba za siri za benki hutumwa huko huko, na namba isiyotumika miezi mitatu inaweza kufungwa na kugawiwa mtu mwingine. Wapo waliorudi wakakuta namba waliyoitumia miaka kumi ina mwenyewe mpya, pamoja na ujumbe wote wa kukumbusha deni la kikoba.

Huku laini na data hununuliwa kabini. Simaanishi ya lori: kabini ni meza ndogo chini ya mwavuli wa rangi ya kampuni, yenye kiti cha plastiki na simu mbili tatu za vitufe zilizochakaa. Kandokando ya parkingi za malori zimejipanga. Mama anayeuza humwita kila dereva papa, hata kijana wa miaka ishirini na mitano, naye dereva humwita mama hata kama ni binti. Bei ya kifurushi inatajwa kwa dola, malipo yanapokewa kwa faranga, na kiwango cha kubadilisha kinajulikana na mama. Anauliza unataka mega za siku, za wiki au za mwezi, na anayekaa kwenye foleni asiyojua itaisha lini hana namna nzuri ya kujibu. Akinunua za mwezi, pengine kesho anaitwa kupakia na wiki ijayo yuko Zambia, na mega zake zimebaki Congo. Kwa hiyo hununua za siku, ambazo ukipiga hesabu kwa kila mega ndizo ghali kuliko zote. Hivi ndivyo mtu asiye na makazi anavyolipa zaidi ya mwenye makazi kwa kitu kilekile, na jambo hili linaniuma kuliko mengine yote katika habari hii, kwa sababu halitokani na milima wala masika. Limepangwa mezani. Vifurushi vimetengenezwa kwa mtu anayelala nchi moja mwezi mzima.

Wasomaji wenye kumbukumbu watasema jambo hili liliwahi kupata dawa, na ni kweli. Septemba 2006, Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Msudani Mo Ibrahim, ilizindua huduma ya One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja akivuka mpaka alilipa bei ya mwenyeji, alipokea simu bila kukatwa, na aliweza kuongeza salio kwa vocha ya nchi aliyomo. Mwaka uliofuata Congo iliingizwa. Wakati huo intaneti ya simu ilikuwa ndogo, kilichouzwa kilikuwa sauti, lakini ilithibitika kwamba mitambo haina tatizo na mipaka. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na ahadi ile haikukua kufuata mahitaji ya data. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilifungua eneo lao la mtandao mmoja kwa makubaliano ya serikali. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Zambia haimo, iko SADC pamoja na Tanzania na Congo, na SADC imekuwa na mpango wa kushusha bei za rominga kwa miaka mingi. Barabara moja, mzigo mmoja, dereva mmoja, na jumuiya mbili zinazogusana bila kukutana mahali anapolala.

Madereva hawakukaa kusubiri. Wamejifunza kuishi na mtandao unaokuja na kuondoka. Sauti hurekodiwa barabarani, moja baada ya nyingine, na zinakaa kwenye simu hadi gari lifike penye mnara. Hapo zote zinatoka kwa mpigo, na za nyumbani zinaingia kwa mpigo. Ndiyo maana ujumbe wa sauti umeshinda simu ya video katika kabini. Dakika moja ya sauti inakula sehemu ndogo ya mega, dakika moja ya video inakula mega kadhaa, na sauti haihitaji wote wawili wawe macho saa ileile. Hilo la saa si dogo. Lualaba iko nyuma ya Tanzania kwa saa nzima. Dereva akiegesha saa mbili usiku, akaoga kwa maji ya dumu, akala, nyumbani Makambako inakaribia saa nne na watoto wamelala. Sauti aliyorekodi jioni itasikilizwa asubuhi wakivaa sare.

Ramani hupakuliwa zikiwa kamili kabla ya kuondoka mjini, ili zifanye kazi bila mtandao. Filamu husafiri kwenye flashi, zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili zikiwa na soko kubwa zaidi, na hupita simu hadi simu bila kutumia hata mega moja. Kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram habari ya foleni inakwenda haraka kuliko tangazo lolote la forodha: mizani gani imeharibika, wapi daraja limeliwa na maji, wapi tela zimevamiwa usiku. Kusini mwa Afrika habari hizo zilionekana kuwa na thamani hata kwa wakubwa. Shirikisho la vyama vya usafirishaji, FESARTA, chini ya Mike Fitzmaurice, liliendesha kitengo kilichokusanya taarifa za mipaka kutoka kwa madereva wenyewe kupitia vikundi hivyo, na kampuni zikazitumia kupanga safari. Taarifa hizo zilifika kwa sababu kuna dereva aliyekuwa na bando.

Umeme wa kabini una hesabu yake. Lori lina volti 24, na chaja ya gari dogo iliyotengenezwa kwa volti 12 huungua ikichomekwa humo. Kila parkingi ina mtu aliyejifunza hivyo kwa kunusa moshi. Kuna wanaofunga kibadilishi cha umeme ili wapate plagi ya kawaida, wakaweka televisheni, feni na simu za jirani, na alfajiri injini inagoma kuwaka. Simu yenyewe inakula chaji zaidi mahali pasipo na mtandao, kwa kuwa inapaza nguvu kutafuta mnara ambao haupo. Madereva wenye busara huiweka hali ya ndege wakiingia kwenye pengo, na huiegemeza kwenye kioo cha mbele wakitaka kupata mawimbi, kwa kuwa chuma cha kabini kinazuia na kioo kinapitisha.

Halafu kuna sahani. Starlink, intaneti ya setilaiti, iliwashwa Zambia Oktoba 2023. Huko Congo, mdhibiti wa mawasiliano ARPTC alionya Machi 2024 kwamba kuitumia ni kosa, kisha Mei 2025 akatangaza kuwa imepewa leseni. Kwa barabara ya Mutshatsha hii ni habari kubwa, kwa sababu setilaiti hizo huzunguka kama kilomita 550 juu ya ardhi na hazijali kama gari la dizeli limekwama njiani. Aina yake ndogo, iliyotoka 2024, ina uzito wa kilo moja na kidogo na inapokea umeme wa volti 12 hadi 48, maana yake betri ya lori inaiendesha bila kibadilishi. Inakula kama wati 30. Kwa usiku wa saa nane hizo ni amp-saa kumi hivi za betri ya volti 24, kiasi ambacho betri nzima haiwezi hata kukihisi. Kiufundi hakuna kifaa kinachomfaa zaidi anayeishi ndani ya gari.

Tatizo la kwanza ni bei, kwa mtu anayenunua mega za siku. La pili ni mpaka, tena. Congo ilipofungua mlango Mei 2025, Tanzania ilikuwa bado haijafungua. Wakati huo dereva aliyeinunua Ndola alikuwa na kifaa kilichoruhusiwa Chililabombwe na Kolwezi, na akifika Tunduma alibeba kitu cha kumweka kwenye maelezo marefu. Kifaa kilichotengenezwa kutojua mipaka kinakaguliwa kwenye kila mpaka. Ningependa kuona kampuni za usafirishaji, badala ya dereva mmoja mmoja, zikibeba mzigo wa leseni na malipo, kama zinavyobeba bima.

Lakini lipo pigo ambalo hata mwenye pesa ya laini tano halikwepi. Nchi zote tatu za njia hii zimewahi kuzima au kubana intaneti kwa amri, na zote zimefanya hivyo wakati wa uchaguzi. Congo ilizima tarehe 31 Desemba 2018 hadi Januari 2019 ilipoelekea mwisho, karibu wiki tatu. Zambia ilibana WhatsApp na mitandao mingine siku ya kura, 12 Agosti 2021, hadi Mahakama Kuu ikaagiza irudishwe. Tanzania ilizima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na huduma ikaanza kurudi siku tano baadaye. Fikiria Mtanzania aliyeko Kolwezi juma lile. Bando analo, mnara anauona, anasoma habari za ghasia za mjini kwake kutoka vyombo vya nchi za nje, na kila ujumbe anaoutuma nyumbani unabaki na alama moja ya tiki. Aliyekaa Dar es Salaam angalau aliweza kubisha hodi kwa jirani. Aliye ndani ya lori kilomita elfu mbili mbali hakuwa na mlango wa kubisha. Wanaotoa amri hizo huzungumzia usalama wa raia. Raia huyu hawakumkumbuka.

Congo inachimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, madini yanayotiwa kwenye betri za simu, na ni miongoni mwa wazalishaji wawili watatu wakubwa wa shaba, inayopitisha umeme wa mitambo yote ya mawasiliano. Malighafi hiyo inatoka Lualaba mgongoni mwa hawa hawa. Reli ya Lobito inaendeshwa na muungano wa kampuni za kigeni tangu Januari 2024, na sehemu ya shaba tayari inashuka kwa njia hiyo ikipita stesheni ya Mutshatsha. Sehemu kubwa bado iko barabarani na itabaki barabarani kwa miaka, kwani reli ya upande wa Congo imechakaa.

Mengi ya kufanya hayahitaji mnara mpya. Parkingi nyingi wanakosubiri madereva ziko ukutani mwa migodi yenye intaneti ya kutosha kuendesha mitambo usiku na mchana. Kuitoa kidogo nje ya uzio, kwa antena moja juu ya nguzo ya taa, ni gharama ambayo mgodi hauwezi kuiona kwenye hesabu zake. Kwa barabara ya magharibi, Congo ina mfuko wa huduma ya mawasiliano kwa wote, FDSU, na Tanzania ina UCSAF. Mifuko yote hii huhesabu vijiji na wakazi ili kuamua mnara ukae wapi. Ihesabu na malori yanayolala njiani, maana yanalala kila usiku.

Mwenye gari naye ana lake. Kwenye posho ya safari hutajwa dizeli, ushuru wa barabara, maegesho na chakula. Data haitajwi, ingawa tajiri ndiye wa kwanza kupiga simu dereva asipojibu, na ndiye anayetaka picha ya mzigo, picha ya karatasi na picha ya lakiri kila kituo, zote zikitumwa kwa bando la dereva. Wanaotaka kulidai hili wana ushahidi mkononi: kila kifurushi kinachonunuliwa huacha meseji ya uthibitisho yenye tarehe na bei. Meseji hizo zisifutwe. Zikusanywe za safari nzima, kwenda na kurudi, Congo, Zambia na Tanzania, zijumlishwe kwenye karatasi moja na kuwekwa mezani pamoja na risiti za maegesho, siku ya kuandikiana posho ya safari inayofuata.